Mti Nao Una Uhai

Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili nchini Uganda wanalifahamu vyema kosa hili: mwanafunzi huandika "ng'ombe imekufa" badala ya "ng'ombe amekufa". Kosa hilo halitokani na uvivu. Katika Kiganda mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake, na ndivyo ilivyo pia katika Kinyarwanda na Kirundi. Kiswahili ndicho kinachowatoa ng'ombe, kifaru na hata mbu katika ngeli zao na kuwaketisha pamoja na watu. Nasi kwa miaka mingi tulilieleza jambo hilo kwa sentensi moja fupi: chenye uhai huchukua "a-" na "wa-".

Siku moja tulikuwa tukisahihisha insha. Msichana mmoja alikuwa ameandika, "Mutuba wa babu amekufa." Tukaipigia sentensi hiyo mstari mwekundu, tukaandika "umekufa", tukaendelea. Aliporudishiwa daftari lake alisimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba chenye uhai huchukua 'a-'. Je, mti hauna uhai?" Tulimjibu kwamba miti ina ngeli yake, na sarufi ndivyo ilivyo. Darasa likacheka, naye akaketi.

Jibu letu lilikuwa sahihi, lakini halikutupa usingizi. Usiku ule tuliisoma insha upya, safari hii tukifuata maana, si viambishi. Babu yake alikuwa fundi wa nguo za magome, ufundi wa Waganda ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Mutuba haukatwi. Fundi huubandua gome, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba, na gome huota tena. Mti mmoja huweza kuvunwa kwa miaka mingi. Binti aliandika kwamba babu aliufunga mti wake kama mtu afungavyo kidonda cha mtoto. Alipofariki, warithi waliukata wakauza kuni. Basi "amekufa" ya mtoto yule haikuwa kosa la kutojua.

Tukaanza kuyapima maneno yetu wenyewe. Misitu na wanyama tunaviita "maliasili", yaani mali. Ulimwengu wote tunauita "mazingira", yaani vitu vinavyotuzingira, sisi tukiwa katikati. Hali hata sheria zimeanza kuuliza alilouliza binti. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inatamka kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo na kujihuisha. Mwaka 2017 New Zealand iliutambua mto Whanganui kuwa nafsi mbele ya sheria, kwa kuwa Wamaori wa huko huuhesabu kuwa mzee wao.

Hatusemi sarufi ibadilishwe. Mti utaendelea kufa kwa "u-", nasi hatuna budi kusahihisha. Lakini ile sentensi yetu fupi tumeiacha. Sasa tunafundisha kwamba watu na wanyama huchukua "a-", na kwamba mti nao una uhai, ila lugha imeuweka mahali pengine.

Katika daftari la binti yule hatukuufuta mstari mwekundu. Chini yake tuliandika: "Pole kwa mutuba wenu."