Mzizi wa Mukombero

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakazi wa Mukumu, katika nchi ya Waisukha, wameuinamia mukombero vizazi kwa vizazi. Mmea huu huparaga miti ya msitu wa Kakamega. Majani yake ni mapana mfano wa moyo, na utomvu wake ni mweupe kama maziwa. Hazina yake, hata hivyo, imo mzizini: harufu kama ya vanila, ladha ianzayo kwa uchungu na kuishia kwa utamu.

Wazee huutafuna wakipiga soga. Aliyepoteza hamu ya chakula hupewa, na tumbo linalosokota hutulizwa nao. Wanaume huusifia pia kwa kuwaongezea nguvu za unyumba, sifa ambayo haitajwi bila kicheko.

Wanasayansi huuita Mondia whitei. Jina hilo la kwanza limetokana na neno la Kizulu, umondi. Hapa Kilatini ndicho kilichobisha hodi kwa Wabantu kuomba msamiati.

Lakini sifa nayo ina gharama. Mizizi hufungwa vitita ikauzwa kando ya barabara iendayo Kisumu, na kila shina ling'olewalo zima ni mmea uliokufa. Mchimbaji mwenye busara hukata mizizi ya pembeni, akalifukia shina. Na wapo wakulima jirani na msitu ambao wameanza kuupanda mashambani. Wasipoigwa, mjukuu atarithi neno mukombero, asijue harufu yake.