Tundu Katikati ya Karata

Kazi iliyonilisha ni kukagua karata zilizotoka kwenye meza za kasino za Las Vegas, kuzitambua na kuzitia bei. Wanunuzi wengi huamini kwamba pakiti isiyofunguliwa ndiyo bora, na iliyotobolewa ni takataka. Mimi nashikilia kinyume chake. Pakiti mpya yenye nembo ya kasino inathibitisha tu kwamba kiwanda kiliichapa. Huenda haikuwahi kusogelea meza. Karata za Jerry's Nugget, zilizochapwa 1970, ziliuzwa kwa bei ya kutupa katika duka la zawadi la kasino hiyo, na leo pakiti moja hufika mamia ya dola. Bei hiyo siibishii, ila inatokana na uadimu na mapenzi ya wanamazingaombwe. Ya mezani haituambii kitu.

Kasino huzitoboa karata zilizochoka kwa keekee, au huzikata pembe, ili isirudi hata moja mezani ndani ya mkono wa shati la mjanja. Mtu atasema keekee inauzwa kila duka la vifaa, naye kila anayetaka atatoboa. Kweli kabisa, ndiyo maana tundu silisomi peke yake. Natazama kingo: karata za karatasi zilizochezwa huwa na weusi hafifu wa jasho la vidole na vumbi la kitambaa cha meza, umeenea pakiti nzima. Iliyotobolewa nyumbani ina kingo nyeupe, na mara nyingi bado imefuata mpangilio wa kiwandani. Tena nikikuta saba mbili za kopa na pau moja haipo, mimi hufurahi, jambo linalowashangaza wateja: blackjack ya sandukuni huchanganya pakiti sita au nane, na anayezipanga upya hukosea.

Tarehe ni ngumu zaidi. Karata za chapa ya Bee hubeba kwenye ree ya shupaza herufi na tarakimu, na herufi hudokeza mwaka; lakini herufi hizo hurudiwa baada ya miaka mingi, kwa hiyo moja yaweza kuelekeza kwenye miaka miwili. Hapo umri wa kasino yenyewe huamua. Dunes ilifungwa Januari 1993, na jengo likalipuliwa Oktoba mwaka huohuo. Nembo yake ikiwa mgongoni, mwaka wowote wa baadaye unaanguka.

Bakara nayo ina hesabu yake. Kwenye meza kubwa mchezaji huruhusiwa kuikunja karata akichungulia, kwa hiyo hutumika mara moja tu na kutupwa. Anayeniletea pakiti iliyonyooka, yenye tundu safi, na kusema ni ya meza hizo, nitamwomba kwanza anionyeshe mikunjo.