Toazi la baba mdogo: nilitaka ling'ae, nikaharibu

Haya wadau, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani na nani kahongwa gari na nani. Zipo, kesho zitarudi kama kawaida. Leo nataka kutubu. Nimefanya kosa kwenye kitu kisichokuwa changu, nimekaa nalo moyoni tangu Desemba, na najua humu ndani kuna watu wa kwaya, wa bendi na wa matarumbeta ambao muda wowote wanaweza kulirudia.

Kosa lenyewe: nilisafisha toazi la zamani.

Msicheke. Kwa asiyejua, matoazi ni yale masahani ya shaba yanayokaa juu ya seti ya drums, yakigongwa yanalia "chwaaa". Wapigaji wanayaita kwa kazi zake, raidi, krashi, haihati, ila Kiswahili chake ni toazi. Wasomaji wa Zaburi ya 150 wanayafahamu.

Mimi kwetu Mlola, Lushoto huko ndani. Ukishuka Mombo unaanza kupanda kona mpaka Lushoto mjini, halafu unaendelea tena na barabara ya vumbi ambayo masika inakuwa ya tope. Huko ndiko anakoishi baba mdogo wangu, ambaye miaka ya 70 kuingia ya 80 alikuwa mpiga drums wa bendi moja ya dansi pale Tanga. Bendi jina kapuni, mtaelewa kwa nini. Enzi hizo Tanga ilikuwa Tanga kweli, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kijana wa milimani akishuka kutafuta maisha alikuwa hachelewi kuingia ukumbini.

Sasa kwenye dansi kulikuwa na jambo moja ambalo vijana wa Bongo Fleva hawalijui. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwenye bendi anaweza kuwa chama, shirika la umma au tajiri mmoja. NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuja na mikono yake, na bendi ikifa aliondoka na mikono yake hiyo hiyo.

Bendi ya baba mdogo ilipokufa walikuwa na miezi kadhaa hawajalipwa. Wakaambiwa kila mtu achukue kitu kimoja, yaishe. Wenzake wakakimbilia spika na magitaa. Yeye akachukua raidi, lile toazi kubwa, akalifunga kwenye kanga, akapanda nalo mlimani. Tangu siku hiyo analiita "kiinua mgongo changu". Analitamka kwa utani, lakini ukimwangalia usoni si utani.

Likakaa darini miaka na miaka, juu ya mahindi, likila moshi wa jikoni na ukungu wa kwetu. Mimi nalijua tangu mtoto: la kahawia iliyokolea, karibu jeusi, na vidoa vya kijani kuzunguka tundu la katikati.

Desemba iliyopita kwaya ya nyumbani ilikuwa na uzinduzi wa albamu. Mgeni rasmi staa mmoja wa injili kutoka Dar, jina kapuni pia. Toazi la kwaya lilikuwa limepasuka ukingoni, linalia kama kifuniko cha sufuria. Baba mdogo akasema chukueni langu, litumike, lirudi. Mimi nikapewa kazi ya kulishusha darini.

Nikalitazama nikaona aibu. Staa anakuja na wapiga picha, sisi tunaweka mbele kitu kinachofanana na chungu cha makande? Halafu kumbukeni nimekulia kwenye matarumbeta. Misheni ya Kijerumani iliingia Mlalo mwaka 1891, na desturi ya kupuliza ikabaki Usambara mpaka leo. Utotoni niliona vijana wakikaribia Pasaka wanasugua tarumbeta mpaka unajiona meno. Kichwani mwangu chombo safi ni chombo kinachong'aa, mwisho wa habari. Nikanunua Brasso, nikachukua na stilwaya ya jikoni, nikasugua kutwa nzima. Juu, kisha nikageuza, nikasugua na chini.

Siku ya siku toazi liliwaka kama jua. Staa mwenyewe akauliza kama ni jipya, akapiga nalo picha, akaposti. Watu wakamwaga mioyo. Na mimi nikajiona mtu wa maana.

Ibada ilipoisha baba mdogo akaja mbele taratibu na fimbo yake. Nikasema, "Shikamoo bamdogo, unalionaje kiinua mgongo chako?" Akaitikia marahaba, hakuongeza kitu. Akaligusa juu kwa vidole. Kisha akaligeuza.

Huku chini, wadau, kulikuwa kumeandikwa. Kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wake, majina ya miji yote waliyopiga. Moshi ulikuwa umeyafunika na mimi sikuwa na habari. Brasso ilikuwa imeyala. Lililobaki zima lilikuwa "Same", na la pili ilikuwa "Koro", gwe ilishaondoka na kitambaa changu.

Akaniambia, "Mwanangu, juu ungesugua tu, watu wanapaona. Huku chini ulikuwa unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Usiku ule nikampigia mpiga drums mmoja wa bendi kubwa ya Dar, mtu mzima, jina lake nalo linaingia kapuni kwa sababu alinitukana. Alipomaliza kutukana akanielimisha, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Nawagawia ili msirudie kosa langu.

Kwanza, tarumbeta na toazi si ndugu. Kwenye tarumbeta inayolia ni hewa iliyomo ndani. Kwenye toazi inayolia ni shaba yenyewe, na ile mistari myembamba ya duara unayoiona juu yake ni sehemu ya sauti. Ukisugua kwa stilwaya unaondoa shaba na kukwaruza mistari. Ukipaka Brasso bila kuisuuza, ule unga wake unajaa humo humo. Kuna waliopeleka kwa fundi mwenye grenda: pale chuma kinapata moto, na moto unaweza kuharibu ugumu ambao kiwandani walikuwa wameupata kwa kazi.

Pili, ujue una nini mkononi. Matoazi mazuri yanatengenezwa kwa shaba nyekundu na bati (sio bati la kuezekea), mara nyingi shaba 80 kwa bati 20. Mengine ni 92 kwa 8. Yale ya bei chee ni shaba na zinki. Hiyo 80 kwa 20 ni mambo ya kale: Zildjian, ambao walianzia Istanbul na wanahesabu kampuni yao tangu 1623, wamejenga jina lao juu ya mchanganyiko huo. Toazi la baba mdogo lina chapa iliyogongwa kwenye chuma lakini imefifia, sitaki kudanganya ni la nani. Mengi ya siku hizi nembo yake ni wino tu. Ukisugua, nembo inaondoka, na anayetaka kununua anaondoka nayo.

Tatu, kahawia na kijani ni vitu viwili. Ule ukahawia ni ngozi ya uzee, haudhuru. Wapo wapigaji wanaoapa kwamba unalainisha sauti, wapo wanaosema ni mawazo tu, na mimi siingii ugomvi huo. Kijani ndiyo kutu ya shaba, hiyo inakula, na chumvi inaichochea. Kwa hiyo ile dawa ya bibi zetu ya ndimu na chumvi, ambayo inang'arisha sufuria la shaba kwa dakika mbili, kwenye toazi kaa nayo mbali.

Basi namna ya kusafisha ni hii, na haina gharama. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo ya kuoshea vyombo, fulana kuukuu laini. Futa kwa kufuata mistari ya duara, usiikate. Kwenye kijani rudia kwa subira, tena na tena, usilazimishe. Suuza vizuri, kausha papo hapo kwa kitambaa kingine, usiache maji yakauke yenyewe. Hapo hapo kagua ukingo na tundu kama kuna ufa, maana ufa ukiuwahi unaokoa toazi. Kwenye stendi weka vipande vya ndala juu na chini ya tundu ili shaba isisagane na chuma. Ulishike ukingoni, jasho la vidole linaacha alama. Ukilihifadhi, lifunge kwenye kitambaa kikavu, sio mfuko wa nailoni, hasa kwa sisi wa kwenye ukungu.

Na kabla ya yote hayo, ligeuze. Tazama chini. Muulize mwenyewe.

Niliporudi Mlola Pasaka nilienda na kalamu ya wino mzito. Nikamwambia bamdogo nitajie miji, niandike upya. Akakataa. Akasema mwandiko utakuwa wangu, na mimi sikufika huko. Lakini akanitajia. Nikaandika kwenye daftari: Korogwe, Handeni, Moshi, Mombasa, Pangani... Akifika katikati anajisahihisha, hapana, Moshi ilikuwa kabla, tulilala kituo cha basi, mpiga besi akaibiwa viatu. Ukurasa wa kwanza umejaa na bado hatujamaliza mwaka mmoja. Hizo habari zote hakuwahi kunisimulia toazi lilipokuwa darini.

Sasa msije mkasema basi kosa lilileta heri. Yale majina yalikuwa yake na hayapo tena.

Kwaya wamelipenda, wanataka walichukue moja kwa moja. Yeye kasema likitoka atatoka nalo. Kwa sasa liko sebuleni, limefungwa kwenye kanga, na limeanza kurudi kahawia kidogo kidogo pembeni. Juzi aliniambia nisiliguse, liache.

Haya wadau, mwenye toazi, mwenye mzee, mwenye kitu darini, tupia maoni yako hapo chini. Kunisema ruksa.