Shahidi wa Mnyororo

Niliitwa kutoa ushahidi kwa sababu moja tu. Miaka ya 1970, maofisa wa ardhi walipokuja kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, kuandikisha mashamba kwa sheria ya 1968, mimi kijana wa hapo nilipewa kazi ya kuwavutia mnyororo wa kupimia. Kwa hiyo nilisikia yaliyosemwa kila kigingi kilipopigwa. Kwenye shamba moja, ndugu mdogo alikuwa amekwisha kufariki na mwanawe bado anachunga ng'ombe. Wazee wakapatana jina liandikwe la ndugu mkubwa, alishike kwa niaba ya nyumba zote mbili. Jina likaandikwa. Hiyo "kwa niaba" haikuandikwa popote.

Katikati ya miaka ya 1990 yule mchungaji, sasa mtu mwenye watoto wake, akadai sehemu ya marehemu babake. Baba yake mkubwa alikuwa amehamia Homa Bay kwa biashara ya samaki. Akaja na hatimiliki mkononi: jina ni langu, nendeni popote mtakapo.

Walianza kwa baraza la migogoro ya ardhi, lile lililoundwa na sheria ya 1990: mwenyekiti na wazee wawili au wanne, wote wateule wa mkuu wa wilaya. Nililipenda baraza lile. Tulikaa chini ya mti, tukasema Dholuo, kila mwenye neno akalitoa, kisha wazee wakatembea shambani wakaona mnyaa uliopandwa mpakani zamani. Wakaamua shamba ligawanywe na hati ibadilishwe. Uamuzi ukapelekwa kwa hakimu, naye akausajili kama hukumu ya mahakama yake. Wengi walidhani hakimu ameusikiliza mgogoro. La! Sheria haikumpa nafasi ya kubadilisha chochote; kazi yake ilikuwa kuupokea tu.

Mzee wa Homa Bay akatafuta wakili, wakapanda hadi Mahakama Kuu ya Kisii. Hapo uamuzi wa wazee ukafutwa, bila mtu kuuliza nani ana haki na shamba. Baraza lilipewa mipaka, matumizi ya ardhi na uvamizi; umiliki uliosajiliwa haukuwa wake kuugusa. Mabaraza mengi ya Nyanza Kusini yaliteleza hapo hapo, na watu wakapoteza miaka kwa uamuzi wa haki uliotolewa na wasio na mamlaka.

Ndipo kesi ya madai yenyewe ikafunguliwa. Wakili wa mdaiwa alitaka isikilizwe Homa Bay, karibu na mteja wake, lakini kesi ya ardhi hufunguliwa ardhi ilipo, kwa hiyo tukabaki Migori. Kijana sasa akaitwa mdai, baba mkubwa mdaiwa. Mpeleka samansi alirudi na hati ya kiapo kueleza alimkabidhi nani, wapi na saa ngapi. Mdaiwa asipojitokeza, bila karatasi hiyo kesi haisogei hata hatua. Mdaiwa akaleta utetezi wake wa maandishi. Kisha zikaja tarehe za kutajwa, ambazo sisi mashahidi tulizidhania kuwa siku za kusikilizwa. Unafunga safari, unakaa kwenye benchi, faili inaitwa, mawakili wanasema maneno mawili, unapewa tarehe nyingine. Niliyemheshimu zaidi siku hizo alikuwa karani wa masjala: faili isipoonekana, hakimu hana cha kusikiliza, hata kama nyote mmesimama mbele yake.

Siku yangu ilipofika niliachwa nje mlangoni mpaka nikaitwa, ili nisisikie waliotangulia. Nikaapa. Wakili wa mdai akaniongoza, na mkalimani akageuza Dholuo yangu kuwa Kiingereza, kipande kwa kipande, huku hakimu akiandika kwa mkono kila jibu. Nilijifunza kutulia kila kalamu iliposimama. Kisha akainuka wakili wa upande wa pili. Je, nilisoma ramani? Sikusoma. Nilitia sahihi popote? Sikutia. Basi nilijuaje kilichoandikwa? Nikamjibu kwamba sikuja kueleza kilichoandikwa. Nilikuja kueleza kilichosemwa.

Hakimu hakuniuliza swali hata moja, na jambo hilo lilinisumbua kwa muda. Mzee wa baraza angeniuliza kumi. Lakini kwenye kesi ya madai hakimu hatoki kwenda kuutafuta ukweli. Anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuuleta, na hakimu hupima upande upi una uzito zaidi, hata kama umezidi kidogo. Mdai asiyeita shahidi wake hana wa kumlaumu.

Hukumu ilikubali kwamba baba mkubwa alishika nusu ya shamba kama mdhamini. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 yenyewe ilisema kusajiliwa hakumwondolei mtu wajibu wa udhamini. Lakini hukumu si shamba. Mzee alikataa kutia sahihi fomu, ikabidi mahakama iamuru ofisa wake mtendaji atie sahihi badala yake. Bado kulikuwa na kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, mpima ardhi na ada zake, na msajili. Kijana alipopata hati yake, mtoto wake wa kwanza alikuwa amemaliza shule.

Mabaraza yale yalifutwa 2011, na leo mwenye kesi ya ardhi halazimiki tena kupanda hadi Kisii, kwani Mahakama ya Mazingira na Ardhi huketi Migori na Homa Bay pia. Nawe unayegombania mpaka na jirani, pita kwanza kwa msajili wa ardhi: sheria ya 2012 inaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajauamua. Na kama kuna shamba lenu lililoandikwa jina moja kwa niaba ya wengi, liandikisheni upya sasa, wakati aliyevuta mnyororo angali hai.