Swali Nililolizima

Nikifundisha sayansi Ruangwa, nilimnyamazisha mtoto aliyeuliza kwa nini chikungunya ina jina la Kimakonde. Kusema kweli sikujua. Baadaye, nikiwa Nachingwea, nilisoma kwamba homa hiyo ilizuka mwaka 1952 huko Newala, kwa jirani zetu; wenyeji wakaiita kwa jinsi imkunjavyo mgonjwa. Daktari Marion Robinson aliwasikiliza, akaandika. Mwenzake, Lumsden, aliwafuatilia mbu hadi kwenye mitungi ya maji majumbani (darasani kwangu pia palikuwa na mtungi!). Virusi vikatambuliwa Entebbe katika damu ya mgonjwa, vikahifadhiwa. Kutokana na virusi hivyohivyo, mwaka 2002 wataalamu walichapisha mfuatano mzima wa urithi wake, herufi zaidi ya 11,800. Mtoto yule hakuniuliza tena.