Nyuki Tunaowahesabu

Mushaki, Jumapili 6 Oktoba 2019

Mikaratusi ya upande wa juu wa barabara imechanua. Ukisimama chini yake unasikia mvumo tu, nyuki wenyewe huwaoni. Mzee mwenye mizinga amenionyesha bidoni zake zimejaa hadi shingoni. Amefurahi, nami nimefurahi naye, maana asali hiyo ni karo ya wajukuu.

Nilipomwacha nilishuka kati ya miti nikitafuta ua lolote chini. Majani makavu na magome yaliyobambuka, basi. Nyuki wa asali hana shida, ataruka mbali na kurudi ameshiba. Lakini nyuki wengine wengi huishi peke yao: jike mmoja na kishimo chake ardhini, au kitobo ndani ya bua kavu, na chakula lazima kiwe karibu. Hao hawana la kufanya kilimani hapa. Ripoti itaandikwa kwamba nyuki wameongezeka Masisi, na itakuwa kweli kwa nyuki wa aina moja.

Masisi, 9 Oktoba

Karibu kila ninachokisoma juu ya ubaya wa nyuki wa asali kimetoka kwenye nchi ambako yeye ni mgeni. Wazungu walimvusha bahari wakampeleka Virginia mwaka 1622 na Australia mwaka 1822, na huko hushindana na nyuki wa porini kwa maua, na kwa mashimo ya miti hugombana hata na ndege. Brazil walichukua nyuki wetu wa Afrika mwaka 1956, mwaka uliofuata makundi 26 yakawatoroka, na leo uzao wao umefika Marekani.

Hapa Kivu mambo yamegeuka. Nyuki wa asali ni mwenyeji, amezaliwa na milima hii. Mgeni ni mti. Mkaratusi umetoka Australia, grevilea vilevile. Lantana na alizeti mwitu ya njano iliyojaa kando ya barabara zimetoka Amerika. Kwa hiyo siwezi kumshitaki nyuki wetu kwa mashitaka ya Virginia. Ninachokiogopa ni mwenyeji mmoja kunenepeshwa na wageni huku wenyeji wenzake wakikosa pa kulala na pa kula.

Lushebere, 12 Oktoba

Leo nimekaa asubuhi nzima kwenye shamba la nyanya la mama mmoja. Ua la nyanya huinamia chini, na chavua yake haikai wazi. Imefungiwa ndani ya vifuko vilivyobanana katikati, hutokea nchani tu. Nyuki wa asali alikuja, akazunguka, akaondoka. Kisha akaja nyuki mweusi mkubwa, yule anayetoboa mbao za dari. Akalikumbatia ua kwa miguu, akakunja tumbo, akatuliza mabawa, halafu akavuma. Mvumo huo si ule wa kuruka. Ni mwembamba, mkali, wa kukatika-katika. Unga wa njano ukamwagika tumboni mwake, akahamia ua la pili.

Nyuki wa asali hana ufundi huo hata kidogo. Nyanya inaweza kuzaa kwa kutikiswa na upepo, lakini ikivumiwa hivyo huzaa vizuri zaidi. Bilinganya na nyanya chungu nazo ni hivyohivyo.

Mama aliniambia: "Mwalimu, huyo mweusi sisi tunamuua. Anaharibu nyumba."

Nikamwomba asimame nami kidogo atazame. Alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza analala wapi asipolala kwenye dari. Nikamwonyesha gogo kavu la mti wa musave mpakani mwa shamba, lina matundu ya mviringo. Akacheka. Gogo lilikuwa limeshapangiwa kuwa makala, yaani mkaa.

Jambo hili lina mafundo. Nyanya yenyewe imetoka Amerika ya Kusini, na anayeilisha familia ya mama huyu kupitia ua hilo ni mdudu wa hapahapa. Simchukii mgeni kwa ugeni wake. Maharagwe pia yametoka Amerika, na Masisi bila maharagwe sijui tungekula nini. Nauliza tu mgeni amemfukuza nani alipoingia.

Walikale, 19 Novemba

Nimefika kwa ndege ndogo kutoka Goma. Kabla ya kupanda, kunawa kwa maji ya dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso, kwa sababu ya Ebola. Kutoka angani Masisi ni malisho yenye uzio, na madoa ya mikaratusi yaliyonyooka kingo. Halafu nyasi zinaisha na msitu unaanza, haukatiki tena mpaka unatua. Wilaya hii ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, Masisi ingeingia ndani yake mara nne na zaidi.

Nimetembea kandokando ya barabara na alizeti mwitu imeshafika huku. Inafuata barabara, inafuata udongo uliochimbwa. Ndani ya kivuli cha msitu haiingii.

Walikale, 22 Novemba

Mzee mmoja mrina asali amenipeleka ndani. Alisimama chini ya mti mkubwa, akanyoosha kidole kwenye kijibomba cha nta kilichotokeza kwenye gome. Humo walikuwa wakiingia na kutoka nyuki wadogo wasiouma, wengine wamebeba utomvu miguuni. Asali yao hawaiweki kwenye masega, huiweka kwenye vijungu vya nta na utomvu, nayo ni nyepesi yenye ukali kidogo. Hapa humpa mtoto mwenye kikohozi.

Hatua chache mbele palikuwa na mti mwingine umelala, umekatwa kwa ajili ya asali. Vijungu vilikuwa vimepasuka, na vikundi vya nyuki bado vimejikusanya juu ya magamba ya nta. Nikamuuliza: "Baba, hawa watakwenda wapi?" Akasema, "Hawaendi, mwanangu."

Na amesema kweli kabisa. Nyuki wa asali ukimchoma moto hukusanya watu wake na kuhama. Malkia wa nyuki wadogo akishakuwa mzazi, tumbo linakuwa zito na hawezi kuruka tena. Hata wanapojitenga, kundi jipya hubeba nta na asali kidogokidogo kutoka nyumba ya mama, na malkia mchanga ndiye anayekwenda. Mti ukianguka, ukoo umeanguka. Mtafiti wa Uganda, Robert Kajobe, alitafuta viota vyao katika msitu wa Bwindi pamoja na Wabatwa wanaojua kuvisoma kwenye miti. Huku kwetu elimu hiyo imo kichwani mwa wazee kama huyu. Miche ya mikaratusi ya kugawiwa ikifika Walikale, kuna atakayemuuliza ipandwe wapi?

Goma, 8 Desemba

Nimesoma habari za Shelisheli na zimenitoa usingizi. Katika kisiwa cha Mahé watafiti walichagua vilima 8 vya mawe vilivyovamiwa na miti ya kigeni, mdalasini ukiwa mmojawapo. Kwenye vilima 4 waliing'oa miti hiyo, 4 wakaviacha. Palipong'olewa, wadudu wa aina nyingi zaidi walitembelea maua ya asili, na mimea ya asili ikazaa matunda mengi zaidi. Majibu yalichapishwa mwaka 2017.

Masisi hatuwezi kung'oa mikaratusi. Mkaratusi uliopandwa kilimani unasaidia kupikia Goma bila kukata msitu wa Virunga, ukiung'oa umewatuma watu msituni na mashoka. Lakini mabonde je? Bado yana miti ya asili: muko wenye maua mekundu ya ndege chozi, musave na mubirizi. Huko ndiko pa kupigania.

Masisi, 17 Januari 2020

Kikao cha chama cha wafugaji nyuki. Wanataka mizinga mipya waiweke bondeni, karibu na kijito. Nimewaomba waiweke juu kwenye mikaratusi, na bonde liachwe bila mzinga hata mmoja, bila kukata mti wenye shimo.

Mama mwenyekiti hakuzunguka: "Mwalimu, bondeni kuna maji na kivuli. Hao nyuki wengine watatulipa nini?"

Nikamjibu kwamba mlipaji wa kwanza ni nyanya zake, na kwamba mizinga yote ya chama haiwezi kufanya kazi ya yule mweusi mmoja. Yule mama wa Lushebere akasimama, akaeleza alichokiona, kwa maneno bora kuliko yangu. Mabishano yakachukua saa nyingi.

Mizinga itakwenda juu. Bonde limeachwa kwa mwaka mmoja, kisha watalijadili upya. Gogo la musave lililoanguka humo kijana mmoja alikuwa ameshaliomba kwa makala. Kura zimemnyima, akatoka amekasirika. Ana mke na mtoto mchanga, makala anayahitaji kweli. Kesho nitamwendea mzee wa Mushaki nimwombee matawi ya mikaratusi.