Bata Mvuvi wa Mto Tay

Tulipokuwa tukikaa Perth, katika nchi ya Uskoti, kwa ajili ya masomo ya ualimu, tulizoea kutembea kando ya mto Tay. Asubuhi moja ya baridi kali tuliona ndege wawili majini. Mmoja alikuwa mweupe mwilini na kichwa cheusi. Wa pili wa kijivu, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia na kishungi. Wakazama ghafula, wakaibuka mbali, na mmoja alikuwa na samaki mdomoni. Tukasema, "Hawa ni mnandi wa namna mbili." Walakini mnandi tuwajuao wa Ziwa Victoria, wakiisha kuvua, husimama juu ya jiwe na kutandaza mabawa yakauke. Hawa walielea tu kama bata.

Mzee mmoja, mvuvi wa ndoana, akatucheka. "Hao ni mume na mke. Ni gusanda, wezi wa samoni zangu." Akatuazima darubini yake. Kumbe kichwa cha dume si cheusi, bali kijani iliyokoza! Mdomo ni mwekundu, mwembamba, ncha yake imepindika, na kingo zake zina meno kama ya msumeno, samaki mtelezi asiponyoke. Tena kabla ya kuzama alitia uso majini, akachungulia kwanza. Kwa Kilatini huitwa Mergus merganser, na jina hilo latokana na maneno ya mzamaji na bata bukini.

Hatukuweza kumlaumu mzee, maana watoto wa samoni huliwa kweli. Ndege hawa walianza kuzaa Uskoti mwaka 1871. Sheria ya mwaka 1981 yawalinda, ila serikali hutoa ruhusa kuua wachache penye hasara kubwa. Mzee alitaka wauawe wote.

Hata mwezi wa Mei tukamkuta amesimama kimya, akitazama mti mkubwa wenye tundu. Vifaranga wa siku moja au mbili, wasioweza kuruka, walikuwa wakijitupa chini mmoja mmoja, na mama yao akiwaita. Wote wakafika majini salama. Wawili wakampanda mgongoni. Tukauliza, "Baba yao yuko wapi?" Akasema madume huenda kaskazini ya Norway kubadili manyoya, na huko hukaa majuma kadhaa pasipo kuweza kuruka.

"Kumi na mmoja," akasema, kisha akahesabu tena. Ikiwa alihesabu kwa furaha au kwa kuhofia samoni zake, hakutuambia, nasi hatukuuliza.